Mwaka Uliorukwa Ubaoni

Katika klabu ya mpira wa magongo ya De Reiger, pale Oldervoort, kila mwanachama ana zamu yake ya kantini, awe daktari, awe mkata nyasi. Zamu ya Riekie Oosterveld ni Jumapili ya kwanza ya mwezi. Amekuja na homa, amekuja na mkono umefungwa plasta, na wiki aliyomzika mumewe Bertus alikuja vilevile, akakaanga vidonge vya nyama macho yamemvimba. Mtu aliyethubutu kumwambia, "Nenda nyumbani ukapumzike, mama," alirushiwa taulo la vyombo usoni.

Watu wanadhani anaipenda hiyo zamu. Wapi! Anaichukia kuliko anavyowachukia waamuzi, na waamuzi anawachukia kweli. Anakuja kwa sababu aliwahi kuikosa mara moja tu maishani mwake, akiwa na miaka ishirini na miwili, na kwa kosa hilo moja walimnyang'anya kitu ambacho mpaka leo akikikumbuka mishipa ya shingo inamsimama.

Juu ya kaunta, mahali ambapo mtu anayemimina bia hana budi kupaona kila akiinua kichwa, kuna ubao wa heshima. Ni wa mti wa mwaloni, mzito, umepakwa vanishi, na juu yake umeandikwa kwa herufi za dhahabu ushindi wote wa klabu: mwaka, kombe, na jina la nahodha. Ukiandikwa pale, ulikuwepo. Usipoandikwa, hukucheza. Wanaume wameandikwa mpaka makombe ya aibu. Kuna Kombe la Pasaka lililoshindaniwa na timu tatu, moja ikalewa ikarudi kwao kabla ya saa nane mchana, na bado nahodha aliyelichukua anang'aa pale juu utadhani aliikomboa nchi. Lakini tafuta mwaka wa sabini na tatu, hutauona. Umerukwa. Hapo ndipo Riekie alipoibiwa, na wenzake kumi, na zaidi ya wote Aleida Brinkman.

Aleida ndiye aliyekuwa nahodha. Binti wa mfuga nguruwe, mwalimu wa mazoezi ya viungo, mrefu, mwenye sauti ambayo ukiwa ng'ambo ya mto unaisikia. Riekie alikuwa golikipa. Mchana aliuza viatu kwenye duka la shangazi yake, jioni alisimama golini na mapedi ya miguuni tu, uso mtupu, maana enzi zile mtu wa kumvalisha golikipa kinga ya uso angechekwa. Wanawake walifanyia mazoezi uwanja wa chini, wa kando ya mfereji, ambako mpira ukipotea unaufuata majini na kurudi na tope mpaka kwenye nyusi. Uwanja wa juu, wenye nyasi za kukatwa na kulazwa, ulikuwa wa wanaume. Msimu ule wanaume walishika nafasi ya tisa. Wanawake walikuwa mabingwa wa Uholanzi nzima.

Na ukiwa bingwa wa nchi unaalikwa kushindania kombe la Ulaya. Shindano la Ulaya la vilabu vya wanawake ndiyo kwanza lilikuwa linaota meno. Wakubwa wa mashirikisho walikuwa bado wanajikuna vichwa, kama kweli wanawake wanahitaji jambo la namna hiyo, na wanawake wenyewe hawakungoja wamalize kujikuna. Vilabu vikapigiana simu, vikakubaliana kukutana Ujerumani siku za Pentekoste, bingwa kwa bingwa, atakayebaki ndiye wa Ulaya. Balaa likawa moja tu: Pentekoste hiyohiyo De Reiger ilikuwa inatimiza miaka hamsini.

Mwenyekiti wa klabu siku hizo alikuwa bwana Ter Horst, mwanasheria wa mji, mtu wa tai na sauti ya chini. Alimwita Aleida kantini. Riekie alikuwepo, anapanga vikombe.

"Aleida, binti yangu," alianza, "mmealikwa, klabu nzima imefurahi. Sasa waandikieni hao Wajerumani kwa adabu, muwaambie mwaka huu hamtaweza."

"Hatutaweza kwa nini, Mwenyekiti?"

"Zamu. Sherehe ni siku tatu, wageni ni wengi, na timu ya kwanza ya wanawake ndiyo iliyopangiwa kantini. Supu, kahawa, bia."

"Ipangie timu ya kwanza ya wanaume."

Ter Horst alicheka kwa upole, na ule upole ulimchoma Riekie kuliko tusi. "Hao wana mechi ya kirafiki, mama. Hao ni wachezaji."

"Na sisi ni nini?" Riekie aliropoka kutoka nyuma ya vikombe. "Masufuria?"

"Riekie, naongea na nahodha wako."

"Na nahodha wake anakwambia hivyohivyo," alisema Aleida. "Tunakwenda."

"Basi mjue kanuni. Timu inayokosa zamu si timu ya De Reiger. Mkienda, mnakwenda kama wanawake waliotoka kwa matembezi yao."

Walikwenda. Wanne walizuiwa na waume zao, mmoja akazuiwa na mama mkwe, wakabaki kumi na mmoja bila hata mtu wa akiba. Walipanda gari la baba yake Aleida la kubebea nguruwe, lililosuguliwa kwa sabuni na bado likawa linanuka, hata Wajerumani waliokuja kuwapokea walitoa mikono huku wamebana pumzi. Riekie alicheka njia nzima. Alikuwa hajawahi kuvuka mpaka wa nchi yake kwa jambo lolote.

Mechi za mwanzo tuziache. Ya mwisho ilikuwa dhidi ya wenyeji. Aleida alifunga mapema, kipigo cha chini kilichopita katikati ya miguu ya mabeki, na baada ya hapo Wajerumani wakahamia golini kwa Riekie, wakakaa hukohuko. Alizuia kwa miguu, kwa gongo, kwa kifua. Kipindi cha pili mpira ulimpiga mdomoni. Akatema meno mawili kwenye nyasi, damu ikamjaa kidevuni, na mwamuzi akamwuliza kama anataka kutoka.

"Nitoke niende wapi?" alisema Riekie. "Unaona mwingine hapa?"

Aleida aliyaokota yale meno, akayasokomeza kwenye soksi yake. "Meno nitakutunzia mimi," alisema. "Wewe nitunzie goli."

Akalitunza. Moja kwa bila. Wakapewa kombe la fedha lenye masikio mawili, wakalala nalo ndani ya lile gari la nguruwe, mabingwa wa Ulaya, wakinuka wote.

Walifika nyumbani Jumatatu jioni, jua bado liko juu. Kantini imejaa. Waliingia wanaimba, Riekie naye anaimba na mapengo yake, na hakuna mtu aliyesimama. Hakuna! Mzee mmoja pale dirishani aligeuka, akawatazama, akasema kwa furaha kabisa, "Afadhali wamefika, sasa tutapata kahawa."

Ter Horst alilipokea kombe mkononi mwa Aleida, akalipima uzito kidogo kama mtu anayenunua kabichi, akaliweka chini ya kaunta. "Vyombo vya siku tatu viko jikoni," alisema. "Osheni, yaishe. Mkiosha, habari ya ubao tutaizungumza."

Riekie alitaka kuvunja sahani zote ukutani, kwa mpangilio, kuanzia kubwa. Lakini Aleida alimshika mkono. "Osheni," aliwaambia wenzake. "Tukiosha wataandika. Ni mtu wa sheria huyu, neno lake ni neno."

Basi wakaosha. Kumi na mmoja wale, mabingwa wa Ulaya, mikono imezama kwenye maji yenye utando wa supu ya njegere, na upande wa pili wa ukuta wanaume wanaimba nyimbo za klabu na kugonga meza. Riekie alikuwa anameza damu na kusugua masufuria. Akikusimulia habari hizi, mpira wa mdomoni anautaja kwa kucheka. Yale masufuria ndiyo yanayomtoa machozi, na ni machozi ya hasira.

Mwandishi wa herufi za dhahabu alikuja mwezi wa nane, akaandika kikombe fulani cha vijana wa kiume cha mwaka uliotangulia, akaondoka. Aleida alimfuata Ter Horst ofisini kwake.

"Nilisema tutaizungumza," alijibu Ter Horst. "Tumeizungumza. Halmashauri imeona kwamba zamu ilikosekana."

Mnaona watu walivyo? Hakusema uongo hata neno moja, na aliwadanganya wanawake kumi na mmoja. Kombe lenyewe lilikuja kuonekana stoo limejaa vifuniko vya chupa, kisha likapotea moja kwa moja. Aleida alimaliza msimu, akaweka gongo chini, hakulishika tena. Kila Riekie alipomlaumu Ter Horst mbele yake, yeye alijibu neno moja tu: "Mimi ndiye niliyesema muoshe." Alisema hivyo mpaka Riekie akaacha kulitaja jina la Ter Horst nyumbani kwake. Lakini kuliacha moyoni? Thubutu.

De Reiger hufanya mkutano mkuu kila mwaka, mwezi wa kwanza, watu wamekaa kwenye viti vya kantini na bia mezani, na mwisho wa ajenda, baada ya hesabu na uchaguzi na malalamiko ya baiskeli zinazoegeshwa mlangoni, huja mengineyo. Hapo mwanachama yeyote anaweza kunyoosha mkono. Mwaka uliofuata Riekie alinyoosha wake, akasimama. "Mwaka wa sabini na tatu uko wapi?" aliuliza. "Kombe la Ulaya, wanawake, nahodha Aleida Brinkman." Ter Horst alisema swali limeandikwa kwenye kumbukumbu, akafunga mkutano.

Mwaka mwingine akauliza tena, maneno yaleyale. Na mwingine. Ter Horst alikufa, akaja mwenyekiti mwingine, akauliza. Siku za mwanzo watu walitazama chini kwa haya. Baadaye wakaanza kuguna. Baadaye zaidi wakaanza kucheka, na kicheko hakikuwa kibaya sana, kilikuwa kile cha watu wanaomwona bibi yao anasahau miwani kichwani, na hicho ndicho kilichomuumiza Riekie zaidi. Wakati mabinti na wajukuu wa wale wa kwanza wanaingia uanachama, mambo yakawa desturi kabisa: mwenyekiti akisema "mengineyo", bilauri zote hujazwa. Riekie akinyoosha mkono watu hukaa tayari. Akisema, "Mwaka wa sabini na tatu..." kantini nzima hupaza sauti, "Sabini na tatu!" bilauri zinagongana, watu wanakunywa, vifijo, mtu anampigapiga mgongoni, na mkutano umefungwa.

"Kwa nini unaendelea kwenda?" bintiye alimwuliza. "Wanakufanya kikaragosi, mama."

"Waache wanifanye. Nikikaa kimya watasema nimekubali."

Na katika miaka hiyohiyo dunia ikageuka. Wanawake wa De Reiger wakapewa uwanja wa juu. Nyasi zikaondolewa, ukatandikwa zulia la plastiki linalomwagiwa maji kabla ya mechi. Wakaja wasichana wenye nguvu za kutisha na kinga za usoni, wakachukua ubingwa wa nchi, wakaenda Ulaya kwa ndege, wakarudi na kombe. Gazeti likaandika kwamba ni kombe la kwanza la Ulaya katika historia ya klabu. Mji mzima ulitoka kuwapokea. Riekie alikuwa zamu siku hiyo, alimimina bia mpaka mkono ukafa ganzi, na kila aliyemwambia, "La kwanza, Riekie, la kwanza!" alimpa bilauri yenye povu tupu.

Nahodha wa kikosi kile, Merel Dijkgraaf, sasa ndiye mwenyekiti. Ni mwanamke mwema, tusimwonee. Mchapakazi, ana watoto wawili, anaendesha klabu kama duka lake. Riekie alimwendea majira ya kuchipua yaliyopita, siku aliyotoka kumwona Aleida kwenye nyumba ya wazee.

Aleida alikuwa amepigwa na kiharusi, upande mmoja wa mdomo ukawa mzito, anatembezwa kwa kiti cha magurudumu. Sasa na moyo nao. Daktari alikuwa amemwambia, bila kuzungukazunguka, kwamba majira ya baridi hatayaona.

"Merel," alisema Riekie, hakukaa wala hakuvua koti, "sina tena muda wa mengineyo. Nataka mwaka wetu uandikwe ubaoni kabla Aleida hajafa. Akiwa hai. Auone kwa macho yake."

Merel alimwekea kahawa na biskuti moja. "Riekie, mimi nakuelewa. Lakini unajua kuna tatizo la zamu."

"La nini?"

"Zamu ilikosekana kweli, si ndiyo? Mimi leo timu ikikosa zamu naifungia, hata kama ni yangu mwenyewe. Tukianza kusema hii tusamehe, ile tusamehe..."

"Mwanangu," alisema Riekie, na meno yake ya bandia yaligongana, "nyinyi mlipokwenda Ulaya, nani alishika zamu yenu?"

Merel aligeuka kuitazama orodha ya zamu ukutani.

"Mimi hapa," alisema Riekie. "Zamu yenu yote niliifanya mimi. Hukujua hata ilikuwa ya kwako, kwa sababu kulikuwa na kizee cha kuifanya. Sisi hatukuwa na kizee. Sisi tulikuwa ndio hicho kizee."

Uso ulimwiva Merel. "Niachie," alisema mwishowe. "Nitaona la kufanya."

Wiki chache baadaye akapiga simu: Jumapili baada ya mechi, Riekie aje, na amlete Aleida. Sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu anayeficha keki. Riekie aliikata simu, akakaa kwenye ngazi ya nyumba yake, akalia. Kisha akapiga pasi blauzi.

Jumapili hiyo kantini ilifurika. Timu ya kwanza ilikuwa bado na nywele mbichi za bafuni. Riekie alisukuma kiti cha Aleida katikati ya watu, na watu walimpisha, wengi hawamjui, wanamtabasamia kama unavyomtabasamia mgonjwa yeyote. Ubao ulikuwa umefunikwa kitambaa. Aleida aliutazama, mkono wake usioguswa na kiharusi ukaushika mkono wa Riekie, ukaubana kwa nguvu ambayo Riekie hakujua kama bado anayo.

"Wapendwa," alisema Merel, "kuna mtu mmoja humu ambaye ametuuliza swali moja miaka yote. Tumecheka, tumekunywa kwa ajili yake. Leo tunampa jibu. Riekie, hii ni zawadi yako!"

Kitambaa kikavutwa. Dhahabu ilikuwa mbichi, inawaka: 1973, Kombe la Ulaya, Wanawake. Na mbele yake, mahali pa nahodha: Riekie Oosterveld.

"Sabini na tatu!" kantini ililipuka, bilauri zikapanda, watu wakapiga makofi mpaka madirisha yakatetemeka.

Aleida alisoma taratibu, midomo inachezacheza. Alisoma mpaka mwisho. Kisha akauachia mkono wa Riekie, akaupapasa mara mbili, kama anayemtuliza.

"Limekaa vizuri, Riekie," alisema kwa ule ulimi wake mzito. "Unastahili."

Hapo ndipo hasira yote, ya masufuria, ya vifuniko vya chupa, ya miaka ya kupigwapigwa mgongoni, ilipompanda Riekie kutoka miguuni.

"Nyamazeni!" alipiga kelele. "Nyamazeni nyote! Nani ameandika upuuzi huu?"

Makofi yalikatika. Merel alibaki na tabasamu lisilojua pa kwenda. "Riekie... si ni wewe? Si wewe ndiye uliyekuwa unauliza kila mwaka?"

"Nilikuwa nauliza nini?"

"Sabini na tatu. Mwaka wa sabini na tatu uko wapi."

"Na baada ya hapo? Nilikuwa nasema nini baada ya hapo?" Aliwageukia watu. "Haya, mtu mmoja humu aniambie. Mmekaa hapa miaka chungu nzima mnanisikiliza. Nikishasema sabini na tatu, nilikuwa namalizia na nini?"

Mwanamume mmoja, mtu mzima mwenye mvi, mweka hazina, alitazama bilauri yake. Hakuna aliyejua, maana hapo ndipo walipokuwa wanakunywa.

"Nilikuwa nasema jina la nahodha," alisema Riekie. "Kila mwaka. Aleida Brinkman. Kila mwaka Mungu alioleta nilisimama hapa nikalitaja, na nyinyi mlikuwa mnagonga bilauri. Huyu hapa! Huyu mliyempisha kama kabati! Alifunga goli, akanitunzia meno yangu kwenye soksi, na leo mmemleta hapa aje asome jina langu mahali pake. Hivi nyie mna haya?"

"Tutarekebisha," alisema Merel, naye machozi yanamlenga. "Nisamehe, Riekie, tutarekebisha. Nitalipeleka kwenye halmashauri, mwandishi wa herufi arudi baada ya mkutano mkuu..."

"Mkutano mkuu ni mwezi wa kwanza."

"Ndiyo, lakini..."

"Hana mwezi wa kwanza huyu!"

Riekie alizunguka kaunta, akachukua kisu cha jibini, akavuta kiti, akapanda. Magoti yake yalilia, watu wakanyoosha mikono kumdaka, akawafukuza kwa kisu. Akaanza kulikwangua jina lake. Dhahabu ilikuwa haijakauka sawasawa, ikatoka kwa vipande, ikawaangukia waliokaa kaunta. Alikwangua mpaka mwaloni ukaonekana mweupe. Kisha akanyoosha mkono chini bila kutazama. "Kalamu. Ile ya wino mzito, ya kuandikia bei."

Mtu alimpa. Akaiondoa kifuniko kwa meno.

"Golikipa," ilisema sauti nyuma yake.

Riekie aligeuka. Aleida alikuwa ameinua kidole kimoja cha mkono mzima.

"Langu nimelifuta sasa hivi, Aleida. Naandika lako."

"Mimi ni nani humu?"

"Nahodha wangu."

"Basi andika. Golikipa."

Riekie aliugeukia ubao. Akaandika jina lake, kwa herufi nyeusi zilizopinda, dogo, pembeni.

"Beki wa kulia," alisema Aleida. "Jopie Kamphuis. Beki wa kushoto, Willemien Nijland." Ulimi ulikuwa mzito lakini hakukosea, alikuwa anapanga timu.

"Samahani, Aleida," alisema mweka hazina kwa adabu, "desturi ni jina la nahodha peke yake. Na nafasi hapo haitoshi."

Aleida hakugeuza hata shingo. "Nani huyo?"

"Mweka hazina," alijibu Riekie kutoka kwenye kiti.

"Mwambie anyamaze. Kiungo, Hennie ter Braak."

Nafasi kweli haikutosha. Majina yalishuka chini ya mstari wa sabini na tatu, yakaingia mstari uliofuata, juu ya maandishi ya Kombe la Pasaka, yakamfunika yule nahodha wake kuanzia kichwani mpaka miguuni, na Riekie alikuwa anaandika huku anapumua kwa nguvu puani. Hakuna aliyemzuia. Merel alikuwa amekuja kukishika kiti kwa mikono miwili kisiyumbe. Aleida alitaja winga, akataja mshambuliaji wa kati, akasita kwenye jina moja, akafumba macho, akalipata. Walipofika kumi alikishusha kidole chake.

Wa kumi na mmoja hakumtaja. Riekie aliandika bila kuambiwa, Aleida Brinkman, nahodha, kubwa kuliko yote, akiukandamiza wino mpaka kalamu ikalia kwenye mti.

"Haya," alisema kwa sauti, bila kugeuka. "Sasa someni. Mmoja mmoja, kuanzia mwenyekiti. Nataka nisikie mnamalizia na nini."